KUCHAGUA FREMU YA BAISKELI

Ukishauza mazao yako, pengine unafikiri kununua baiskeli. Baiskeli mpya ni ghali. Kwa hiyo watu wengi hununua fremu kuukuu, kisha huiunga kidogo kidogo. Mwezi huu hununua magurudumu, mwezi ujao cheni na pedeli. Njia hiyo si mbaya. Lakini fremu ndiyo mifupa ya baiskeli. Tairi likichakaa utanunua jingine. Cheni ikikatika fundi ataiunga. Fremu ikivunjika mteremkoni, wewe na mzigo wako mtakwenda chini pamoja.

Sokoni utaona fremu za aina mbili. Ya kwanza ni ya chuma. Hiyo ndiyo ya baiskeli kubwa nyeusi tulizozizoea, kama Phoenix ya China. Ya pili ni ya alumini. Nyingi huja katika mitumba kutoka nchi za nje, kama Japani. Alumini si kitu kigeni kwako. Ndiyo iliyotengeneza masufuria yako ya jikoni.

Utazitofautishaje? Rangi haitakusaidia, maana zote hupakwa rangi. Chukua sumaku. Unaweza kuipata katika spika ya redio iliyoharibika. Iweke juu ya bomba la fremu. Ikinasa, fremu ni ya chuma. Isiponasa, karibu kila mara ni ya alumini. Tazama pia unene. Mabomba ya alumini kwa kawaida ni manene kuliko ya chuma.

Muuzaji wa alumini atakuambia, "Inyanyue mwenyewe, mzee! Nyepesi kama unyoya." Hasemi uongo mwingi. Ukichukua vipande viwili vya ukubwa mmoja, cha alumini kina uzito wa theluthi moja hivi ya kile cha chuma. Lakini mabomba ya alumini hufanywa manene ili yapate nguvu. Kwa hiyo fremu nzima haipungui uzito kiasi hicho. Tena alumini haipati kutu nyekundu, na hilo ni jambo jema.

Sasa sikiliza upande wa pili. Fremu ya chuma ikipinda kidogo, fundi huinyoosha. Ikipata ufa, fundi wa kuchomelea huuziba. Fremu ya alumini haikubali hivyo. Mashine ya kawaida ya kuchomelea milango na madirisha haiifai. Inahitaji mashine nyingine, gesi yake, na fundi aliyejifunza kazi hiyo. Hata fundi huyo akifanya vizuri, moto hulainisha mahali palipochomelewa. Kiwandani fremu nyingi za alumini hupashwa moto tena kwa kipimo ili zirudi kuwa ngumu. Kijijini kwetu nani ana tanuri hiyo?

Kuna jambo jingine, nalo ni kubwa zaidi. Chukua waya mwembamba. Upinde huku na huku mara nyingi. Mwishowe utakatika, ingawa hukuuvuta kwa nguvu. Fremu nayo hupinda kidogo sana kila inapopita juu ya jiwe au shimo. Jicho halioni. Chuma huvumilia mipindo hiyo midogo miaka mingi, mradi mzigo usizidi nguvu zake. Alumini huchoka hata kwa mipindo midogo, na uchovu huo haupoi kwa kupumzika. Unaponunua fremu kuukuu ya alumini, hujui imepita juu ya mashimo mangapi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nitakujibu hivi. Mtu wa kubeba mkaa, ndoo za maji au gunia la mahindi achague chuma. Mtu anayesafiri peke yake, bila mzigo mzito, anaweza kutumia alumini iliyo nzima. Asiipande tu kwa sababu inang'aa.

Utajuaje kuwa ni nzima? Kwanza, ioshe. Usione haya kuomba maji na kitambaa. Ufa mwembamba hujificha chini ya vumbi na gilisi. Kisha tazama palipo na maungo. Anza shingoni, chini ya usukani, mahali mabomba mawili makubwa yanapokutana. Tazama uma unaoshika gurudumu la mbele, hasa juu kabisa. Tazama pale kati penye pedeli. Tazama pembe za nyuma zinazoshika ekseli. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, iache fremu hiyo. Rangi iliyopasuka au kuvimba chini ya shingo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu. Na fremu kuukuu yenye rangi mpya sana, iulize maswali mengi.

Sasa pima kama fremu imenyooka. Hapa unahitaji uzi na rula tu. Funga uzi kwenye pembe ya nyuma, upande wa kushoto, mahali pa ekseli. Uvute mpaka mbele. Uzungushe kwenye lile bomba fupi la shingo. Urudishe nyuma upande wa kulia, uufunge kwenye pembe ya pili. Ukaze vizuri. Sasa pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto, halafu kulia. Andika hesabu zote mbili. Kama kushoto ni milimita 28 na kulia ni 28, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja si kitu. Lakini kama upande mmoja ni 25 na wa pili ni 31, imepinda. Baiskeli hiyo itakuvuta upande mmoja siku zote, na cheni itakuwa inachomoka.

Pima pia nafasi kati ya zile pembe mbili za nyuma. Baiskeli nyingi za kizamani zina sentimita 11 hadi 12. Baiskeli za gia nyingi zina sentimita 13 au 13 na nusu. Gurudumu ulilonalo nyumbani lisipolingana na fremu, utanunua jingine. Usikubali fundi atanue pembe za alumini kwa nguvu. Za chuma huweza kutanuliwa kidogo.

Usisahau matope. Huko Ulaya, hasa Ubelgiji, kuna mashindano ya baiskeli katika matope. Penye vikwazo washindani hushuka na kubeba baiskeli begani. Baiskeli zao huachiwa nafasi kubwa pande zote za tairi ili tope lisizibe. Sisi hatushindani na mtu, lakini tope letu la masika ni lile lile. Weka tairi lako katika fremu. Kidole kisipopita kati ya tairi na bomba, wakati wa masika utaibeba begani wewe nawe, bila zawadi.

Halafu simama juu ya fremu, miguu yote miwili chini. Bomba la juu lisikuguse. Nafasi ya vidole viwili au vitatu inatosha. Anayevaa kanga au kitenge atafute fremu ambayo bomba lake la juu limeshushwa.

Kuhusu bei, usitazame bei ya fremu peke yake. Tuseme fremu moja ni shilingi 40,000, na nyingine ni shilingi 50,000. Ile ya kwanza inakulazimu kununua gurudumu jipya la nyuma kwa shilingi 25,000. Jumla yake ni shilingi 65,000. Ipi ni rahisi?

Mkishapatana bei, igeuze fremu juu chini. Mara nyingi utaona namba iliyogongwa chini ya pale penye pedeli. Kama imekwanguliwa, usinunue. Huenda ni mali ya wizi, na mwenyewe akiitambua utapoteza fremu na fedha. Kama namba ipo, mwambie muuzaji aandike stakabadhi. Iwe na jina lake, jina lako, tarehe, bei, na namba ya fremu. Isome mwenyewe, neno kwa neno, kabla hujatoa fedha. Linganisha namba ya karatasini na ile ya kwenye chuma. Kisha atie sahihi, nawe utie yako.