Tana River: Ukimya wa serikali unavyozaa uvumi

MNAMO Agosti 22, 2012, wavamizi walishambulia kijiji cha Riketa katika eneobunge la Garsen na kuua takriban watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yalifuata Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, na kufikia mwanzo wa mwaka 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wameangamia katika uhasama baina ya jamii za Wapokomo na Waorma.

Sababu zinazotajwa kila mara ni malisho, maji, ardhi na siasa za uchaguzi mkuu wa Machi 2013. Zote zina uzito. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo halizungumziwi vya kutosha, nalo ni jinsi habari zilivyosafiri. Katika delta ambako vijiji vimetenganishwa na matawi ya mto na barabara hupotea mvua inyeshapo, simu ya mkononi ndiyo iliyokuwa mjumbe wa karibu zaidi. Arafa moja kwamba vijana wa upande wa pili wamejikusanya msituni ilitosha kuwafanya wanaume washike silaha. Afisa wa utawala huenda akajua kwamba habari hiyo si ya kweli, lakini kwa mazoea ya utumishi wa umma husubiri idhini ya mkubwa wake kabla ya kunena. Uvumi hausubiri idhini ya mtu.

Pengo hilo ndilo lililozaa mradi wa Una Hakika, ulioanzishwa katika Tana Delta baada ya mapigano hayo na shirika la Sentinel Project kutoka Canada. Utaratibu wake ni rahisi. Mkazi anayesikia jambo la kutisha hutuma arafa au hupiga simu. Habari hiyo husajiliwa, kisha wajumbe wa kujitolea walio vijijini, pamoja na machifu, wazee na polisi, huulizwa kilichotukia. Jibu hurejeshwa kwa arafa kwa waliojisajili katika eneo husika, wakielezwa iwapo habari ni kweli, ni uongo, au bado inachunguzwa.

Jibu hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa, ingawa ofisi za serikali ndilo zinaloliogopa zaidi. Mtu aliyeambiwa waziwazi kwamba suala linachunguzwa ana sababu ya kungoja hadi asubuhi. Aliyenyimwa jibu hujitafutia mwenyewe, na hulipata kwa jirani mwenye hofu kama yake.

Sheria haina upungufu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti kuweka utaratibu wa mawasiliano unaojumuisha redio za kijamii, tovuti, mikutano ya hadhara na njia za kiasili. Nayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi, na saa 48 pekee iwapo ombi linahusu uhai au uhuru wa mtu. Kwa wachochezi, Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inatoa faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini saa 48 ni muda mrefu mno pale watu wanapoamini kwamba kijiji kitachomwa usiku huohuo.

Liko pia suala la imani, ambalo haliletwi na sheria. Mnamo Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kupigwa na walinzi katika kambi ya Hola, mji ambao leo ni makao makuu ya kaunti hii. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa vifo hivyo uliufichua uongo huo, na kashfa ikafika katika bunge la Uingereza. Taarifa rasmi, basi, haiaminiwi kwa sababu tu ina mhuri.

Mafuriko nayo yameonyesha upande mwingine wa tatizo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwaka 2024, mto Tana ulivunja kingo zake, ukazamisha mashamba na kukata barabara ya Garsen kuelekea Lamu. Hapa habari zilikuwapo mapema. Bwawa la Masinga, la kwanza kati ya mabwawa matano ya kuzalisha umeme katika mto huo, hutapika maji uso wake unapopita mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na maji hayo huchukua siku kadhaa kufika Garsen kupitia Garissa na Hola. Kampuni ya KenGen hutoa tahadhari, idara huziweka katika kurasa zao za Facebook na X, nao waandishi wa Nairobi huzisoma.

Je, mkulima wa Ngao afanye nini na mita 1,056.5? Tahadhari ya kumfaa ingetaja kijiji chake, siku ambayo maji yanatarajiwa, na mahali pa juu pa kuhamishia watoto na mbegu. Ingetolewa kwa Kipokomo na Kiorma pamoja na Kiswahili, redioni na katika baraza la chifu, kwani simu nyingi za huko hazina intaneti na betri huisha. Na ingerudiwa kesho yake, hata kama lililopo la kusema ni kwamba maji bado hayajafika.