Shingo inayouma kwa miezi: tiba ni mazoezi, si kuivunja

KWA Muislamu ambaye shingo yake inauma kwa miezi, sala huwa na mtihani wake. Akisujudu, huogopa kuinuka. Akitoa salamu, hageuki sawasawa kuume wala kushoto. Hapa Tangini wamo mafundi cherehani wanaoinama kutwa, madereva wa bodaboda, akina mama wanaobeba ndoo kichwani na vijana wasioinua macho kutoka kwenye simu. Wengi wao, maumivu yakizidi, ama huacha kabisa kuitikisa shingo, ama humwendea mtu aivunje kwa kuipinda ghafla. Njia ya pili ni ya hatari.

Dini yetu ni nyepesi. Sahaba Imran bin Huswayn (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala ya mgonjwa, alielekezwa asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kwa hiyo anayesali kitini kwa udhuru asinyooshewe kidole. Lakini ruhusa hiyo haituondolei jukumu la kutafuta tiba.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, nacho hubebwa na pingili 7 za shingo pamoja na misuli yake. Misuli isiyotumika hudhoofika, huchoka upesi na kuuma; na anayeumwa huzidi kuogopa kuitumia. Mazoezi huukata mzunguko huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nchini Finland uliwafuatilia kwa miezi 12 wanawake 180 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu ya shingo. Waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya shingo na mabega walipata nafuu kubwa kuliko walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili.

Anza hivi, ukiwa umekaa wima:

Kwanza, rudisha kidevu nyuma taratibu bila kuinamisha kichwa. Hesabu hadi 5, kisha legeza.

Pili, weka kiganja kwenye paji la uso, usukume kichwa dhidi yake bila shingo kusogea. Fanya vivyo hivyo kisogoni na pande zote mbili.

Tatu, vuta mabega nyuma kana kwamba unataka yakutane mgongoni.

Rudia kila zoezi mara chache, ukiongeza kadiri unavyopata nguvu. Maumivu madogo ya mwanzo si ya kutisha, yakizidi, punguza. Nafuu huja kwa wiki kadhaa, si kwa siku moja. Tumefundishwa kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Na mazoezi nayo hufaa kwa kudumu.

Hata hivyo, usianze mazoezi kabla ya kumwona daktari ikiwa mikono inakufa ganzi au kuishiwa nguvu, mwendo unayumba, haja ndogo haizuiliki, una homa, unakonda, au maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi haiko mbali nasi. Muulize daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Familia nazo zisaidie. Mama anayeumwa shingo asitwishwe ndoo ilhali nyumbani wamo vijana wenye nguvu. Kumpunguzia mzigo ni sehemu ya tiba yake, na ni ihsani kwake.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.