Ukitafuta kukaa Kanada, usifiche mtoto

Katika miji yetu ya migodi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, vijana wengi wanaongea juu ya Kanada. Sababu inajulikana: kule Québec watu wanasema Kifaransa, na sisi tulikisoma masomoni. Lakini wengi wanauliza tu juu ya visa. Kuko ulizo lingine kubwa zaidi: namna gani utapata haki ya kukaa kule daima, wewe pamoja na jamaa yako?

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni kazi. Serikali inapima miaka yako, masomo, luga na ujuzi wa kazi. Mkoa wa Québec unajichagulia wenyewe watu wake wa kazi.

Mlango wa pili ni jamaa. Mtu aliye kule anaweza kuita mke ao mume wake, na mtoto wake aliye chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa.

Mlango wa tatu ni wa wakimbizi. Yule aliyechaguliwa akiwa angali katika inchi ya ukimbizi, anapata ukaaji wa daima wakati anapofika. Yule anayeomba ulinzi kisha kufika, anangoja kwanza akubaliwe, halafu anaomba ukaaji.

Hesabu watoto wote

Milango yote mitatu inakuomba neno moja: andika jamaa yako yote, wale mnaosafiri pamoja na wale wanaobaki. Ni hapa watu wanaanguka.

Tuseme baba mmoja wa Kolwezi ana watoto watatu nyumbani. Wa ine, binti mkubwa, alimzaa na mama mwingine mbele ya ndoa, na mke wake hajui. Rafiki anamuambia: «Ule mutoto acha, eko kwa nkambo yake. Ukifika utamuita.» Baba anaandika watatu. Kisha miaka miwili yeye ni mkaaji wa daima kule Montréal. Nkambo amekufa, binti amebaki peke yake. Baba anajaza karatasi ya kumuita. Jibu linarudi: huyu hukumuandika, kwa hiyo huwezi kumuita.

Ndiyo sheria. Mtoto ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati mzazi alipoomba ukaaji, mlango wa jamaa unafungwa mbele yake. Katika 2019 serikali ilifungua mlango mdogo kwa wazazi wengine wenye shida hiyo, lakini haukuwa wa kila mtu. Tena, mwenye kudanganya anaweza kukataliwa kwa miaka 5, ao kupoteza ukaaji aliokwisha kupata.

Kinyume chake, mkimbizi aliyeandika watoto wake waliobaki anaweza kuomba wamfuate, kama anafanya hivyo ndani ya mwaka 1 tangu kupata ukaaji wa daima.

Na mtoto wa ndugu?

Kwetu, mtoto wa marehemu ndugu yako ni mtoto wako. Kule wanahesabu namna ingine. Usimuandike kama uliyemzaa wewe: wakiwa na mashaka wanaweza kuomba kipimo cha damu ao cha mate, na uongo utaonekana. Lakini sheria inaruhusu kumuita ndugu, mtoto wa ndugu ao mjukuu aliye yatima wa baba na mama, chini ya miaka 18, ambaye hajaoa wala kuolewa.

Anza hapa nyumbani

Safari inaanza kwa eta sivili. Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 kisha kuzaliwa. Ukipitisha siku hizo, utahitaji hukumu ya tribinali, na hiyo inakula wakati na makuta. Majina na tarehe zifanane kwenye karatasi zote.

Karatasi za kujaza zinapatikana bure kwa intaneti ya serikali ya Kanada. Malipo ya kuomba yanakwenda kwa serikali yenyewe. Mtu anayekuambia «Nipe dola, visa ni hakika», umkimbie.

Ukipata ukaaji, uulinde: lazima uwe Kanada siku 730 katika kila miaka 5. Kama unataka kuwa raia, unahitaji siku 1.095 katika miaka 5 inayotangulia kuomba.

Baba, mama, mbele ya kushika kalamu, mkae pamoja na mhesabu watoto wenu wote, hata yule ambaye jina lake linaleta haya nyumbani. Ni vigumu, tunajua. Mke anaweza kulia, wazee wanaweza kukasirika. Lakini siku moja yule binti atauliza sababu gani yeye hakuandikwa. Mtamujibu nini?