Pikipiki Inapiga Kelele? Sikiliza Kwanza, Spana Baadaye

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunaijua pikipiki tukiwa tumepakiwa nyuma. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi mwaka jana, nilipopangiwa mafunzo ya kufundisha kwenye sekondari moja wilayani Kilosa. Kutoka chumba nilichopanga hadi shuleni ni kilometa 9 za vumbi. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ingemaliza bumu kabla ya wiki ya tatu. Mjomba akaniazima pikipiki yake ya zamani, ya Kichina, cc 125.

Wiki ya pili ikaanza kulia: tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria. Nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja. Aliisikiliza akiwa amekaa kwenye benchi, hata hakuinuka. "Injini imekwisha hii, mwalimu. Pistoni, ringi, labda na konrodi. Andaa laki mbili na ishirini."

Laki mbili na ishirini sikuwa nayo. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, inalia wapi?"

"Inalia tu, mjomba."

"Inalia tu ndiyo nini? Wewe si unasomea ualimu? Mtoto akikosa hesabu unamfukuza shule, au unatazama kwanza kakosea wapi?"

Nilinyamaza. Makala hii ni yale niliyojifunza baada ya simu hiyo, pamoja na kosa moja lililonigharimu.

Kelele inatoka wapi?

Kelele za injini hazifanani. Kabla ya kufungua chochote, jibu maswali matatu: inalia sehemu gani, inalia lini, na inalia vipi.

Kuna njia rahisi ya kutafuta sehemu. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye kifuniko cha injini na mpini karibu na sikio, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Isogeze taratibu sehemu mbalimbali. Pale kelele inapokuwa kali zaidi, tatizo liko karibu. Ila funga nguo zinazoning'inia, na usikaribie cheni wala bomba la moshi.

Kelele za kawaida ni hizi:

Tik-tik nyepesi na ya haraka, juu kabisa ya injini, mara nyingi ni valvu zilizolegea.

Mlio wa pu-pu-pu panapoungana bomba la moshi na injini, pamoja na masizi meusi, ni gasketi inayovujisha moshi. Kaza nati zake au badilisha gasketi.

Kelele inayosikika pikipiki ikitembea tu, na kupotea ukisimama hata kama injini inaunguruma, ianze kuitafuta kwenye cheni na sproketi, siyo kwenye injini.

Kelele inayobadilika au kupotea ukibana klachi inatokea upande wa klachi.

Mgongo unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ukapungua ikipata moto, unaweza kuwa wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda.

Mgongo mzito, kama nyundo ndani ya pipa, unaozidi ukivuta mafuta, unaweza kuwa wa konrodi au beringi. Huo ukiusikia zima injini. Usijidanganye kwamba utafika.

Kabla hujagusa spana

Usiwashe pikipiki chumbani au kwenye korido ya hosteli. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua. Fanya kazi nje. Jiko la mkaa na sigara viwe mbali na petroli. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali tambarare.

Halafu anza na oili, maana ndiyo kitu rahisi kuliko vyote na ndicho tunachokisahau. Oili ikipungua, vyuma vinasagana na kila kitu kinalia. Washa injini dakika chache, zima, subiri oili ishuke. Fungua kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe bila kukikaza kama kitabu cha pikipiki yako kinavyoelekeza, kisha kitoe usome. Oili iwe kati ya alama mbili.

Ukibadilisha oili, imwage wakati injini ina uvuguvugu, uitazame kwenye mwanga. Weusi peke yake siyo tatizo. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni tatizo. Nunua oili ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Oili chafu usiimwage uani. Itie kwenye dumu uipeleke gereji.

Mimi oili ilikuwa sawa. Kelele ilikuwa juu.

Kwa nini valvu hulia

Injini ya bodaboda za kawaida ina hatua nne: inavuta hewa na petroli, inagandamiza, inalipua, inatoa moshi. Krenki inazunguka mara mbili kukamilisha hatua hizo, na kila valvu inafunguka mara moja. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, valvu moja inafunguka mara 1,500, yaani mara 25 kila sekunde.

Kinachoisukuma valvu ni mkono mdogo wa chuma unaoitwa roka. Kati ya roka na kichwa cha valvu huachwa nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Vyuma vikilika nafasi inakua, na roka badala ya kusukuma inaanza kugonga. Ndiyo ile tik-tik.

Injini yangu ni ya muundo ulioanza na Honda CG125 mwaka 1976, ambao viwanda vingi vya China viliufuata. Haina cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa kwa vijiti virefu. Kwa Honda hiyo nafasi ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Karatasi ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1, kwa hiyo tunazungumzia kitu chembamba kuliko karatasi. Kipimo cha pikipiki yako kisome kwenye kitabu chake, usikope cha jirani.

Kurekebisha valvu

Utahitaji spana, bisibisi, na fila geji, yale majani membamba ya chuma yaliyoandikwa unene wake. Injini iwe imelala usiku kucha.

1. Safisha juu ya injini mchanga usiingie ndani. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi, kisha fungua kifuniko cha valvu.

2. Fungua vifuniko vya kutazamia upande wa kushoto, au kifuniko chote kama modeli yako haina vidogo. Ndani kuna gurudumu lenye alama ya T.

3. Weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kwa mkono kuelekea mbele, taratibu. Tazama valvu ya upande wa kabureta. Itashuka, kisha itapanda. Endelea hadi T ilingane na alama ya kwenye injini.

4. Tikisa roka zote mbili. Zote ziwe na mchezo kidogo. Kama moja imebana, huenda uko kwenye hatua isiyo sahihi; zungusha krenki mara moja kamili, upime tena.

5. Ingiza fila geji kati ya skrubu ya roka na valvu. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Ikipita bure, nafasi ni kubwa. Isipoingia, ni ndogo.

6. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu kidogokidogo, ishikilie isizunguke, kaza nati. Pima tena, maana kukaza nati hubadilisha kipimo.

7. Zungusha injini mara mbili, pima mara ya mwisho. Rudisha plagi kwa vidole kwanza, ndipo uikaze kwa spana.

Pale nilipokosea

Nimeandika hatua hizo vizuri kwa sababu mara ya kwanza sikuzifuata. Sikuwa na fila geji. Nilitaka ukimya, basi nikakaza skrubu mpaka mkono haukuhisi mchezo wowote. Jioni nikawasha: kimya! Nililala nikijiona fundi.

Kesho yake ndiyo siku msimamizi wangu kutoka chuoni alikuwa anakuja kuniona nikifundisha. Pikipiki iliwaka vizuri. Nusu ya njia, kwenye kilima, ikaishiwa nguvu ikazimika. Nikapiga kiki, wapi. Nikasukuma kama kilometa 4 na shati langu jeupe. Nilipofika kipindi kilikuwa kimekwisha. Msimamizi alikuwa amekaa nyuma ya darasa la Kidato cha Pili, ubao mtupu, wanafunzi wananitazama. Alinipa siku nyingine, ila ile asubuhi siisahau.

Mzee mmoja anayetengeneza baiskeli na pikipiki chini ya mwembe karibu na shule aliiacha ipoe, akafungua, akacheka. "Mwalimu, valvu umezinyonga."

Akanieleza. Valvu hupoa pale inapofunga na kugusa kiti chake. Usipoiachia nafasi, ikipata moto inatanuka na haifungi sawasawa. Mgandamizo unavuja, injini haiwaki. Ukiendelea kuendesha, valvu ya moshi inaungua, na hapo ndipo laki mbili zinapokuwa za kweli. Iliyolegea kidogo inakupigia kelele, lakini iliyobana inaharibika kimyakimya. Yeye alipima kwa wembe, ambao nao una unene wa karibu 0.1. Alichukua shilingi 5,000. Wiki hiyohiyo nikanunua fila geji, nikarudia mwenyewe kwa kipimo.

Lini usifungue

Mgongo mzito wa chini, vipande vya chuma kwenye oili, moshi wa bluu usiokoma, au kelele inayobaki vilevile baada ya valvu kupimwa: hayo mpelekee fundi. Siandiki haya kusema mafundi ni matapeli. Mmoja alinitajia laki mbili bila kuinuka, mwingine aliniokoa kwa elfu tano. Mimi ndiye sikujua la kuuliza. Siku hizi nikifika gereji sisemi "inalia tu". Nasema: "Inagonga juu, baridi na moto, oili iko kwenye alama, valvu nimepima." Mazungumzo yanaanzia hapo, na fundi anainuka kwenye benchi.

Mafunzo yalipokwisha nilimrudishia mjomba pikipiki yake. Akaiwasha, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Bado inalia kidogo."

"Ndiyo, mjomba."

"Iache hivyohivyo."