Kutoka Mubuku hadi Buyende

Msafiri apandaye kutoka Kasese kuelekea Bugoye huusikia Mto Mubuku kabla ya kuuona, ukishuka kwa kishindo kutoka Ruwenzori. Na maji hayo ndiyo yaliyoupatia mgodi wa shaba wa Kilembe umeme wake, megawati 5 tu. Mgodi ule haukujitosheleza: mtaji ulitoka Kanada, reli ikafika Kasese mwaka 1956, na shaba ikapelekwa kuyeyushwa Jinja, kisha ikashuka bandarini Mombasa.

Leo Serikali ya Uganda imeazimia kujenga Buyende, jirani na Ziwa Kyoga, kituo cha umeme wa nyuklia, na imekwisha kutia sahihi makubaliano na Wachina na Warusi. Lakini kazi hii, ajabu yake, hata madola makubwa hayaifanyi peke yao. Kule El Dabaa, Misri, ambako Warusi wanajenga vinu vinne, Wakorea ndio waliokabidhiwa mwaka 2022 majengo ya mitambo ya kufulia umeme. Ama ile silinda nene ya chuma iuzingirayo moto wa urani, viwanda viwezavyo kuifua, kama vile cha Muroran, Japani, na cha Le Creusot, Ufaransa, ni vya kuhesabika.

Fungu letu katika ujenzi wa Buyende, kwa maoni yangu, lingeanzia kwenye saruji, na kiwanda kipo hapa hapa Hima, wilayani Kasese. Ila mfuko wa saruji ya kinu haupokelewi kwa jina la kiwanda, bali kwa hati ya vipimo vya kila shehena, hati inayohifadhiwa miaka na miaka.