Mapumziko ya Nani?

Masomo: Marko 6:30–44, Kumbukumbu la Torati 5:12–15



Mwezi wa nne, shule zilipofungwa, sisi na watoto wetu tulitoka nyumbani Kitisuru tukaenda kupumzika Tigoni kwa siku nne. Si safari ndefu. Ukipita Ruaka na Ndenderu njia yapanda tu, na kabla hujachoka kukaa garini waona chai pande zote mbili. Chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa huko Limuru mwaka 1903, na ni huko huko kilikohamishiwa chuo cha wachungaji cha Mtakatifu Paulo kutoka Frere Town, Mombasa, mwaka 1930. Siku hizi ni chuo kikuu. Wachungaji wengi twaijua baridi ya Limuru; tulijifunza Kigiriki tukiwa tumejifunika blanketi.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza juma lile. Asubuhi ukungu ulilala juu ya chai hata saa tatu, kisha jua likatoka, na watoto wakakimbia nyasini mpaka viatu vikawa vizito kwa matope. Jioni tuliwasha moto wa kuni. Mtusamehe, wapendwa, redio yenyewe hatukuifungua.

Jioni ya kwanza tulisoma habari ya Bwana Yesu akiwaita mitume wake waende faraghani wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Marko aongeza neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: watu waliketishwa juu ya majani mabichi. Naye Yohana asema Pasaka ilikuwa karibu. Sasa, Galilaya si kama Kiambu. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, na majani hustawi kwa majuma machache tu ya mwanzo wa machipuko, ndipo jua huyakausha. Mwezi wa Pasaka uliitwa Abibu, maana yake masuke mabichi. Kwa hiyo twaweza kujua safari ile ya mapumziko ilifanyika karibu na mwezi wa tatu au wa nne, miezi ile ile ambayo kwetu masika huanza. Tulifurahi sana kuwaeleza watoto jambo hilo. Tulijiona tuko ndani ya Injili yenyewe, na majani mabichi dirishani.

Tulikuwa tumekwenda pamoja na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Tuliona tumemfanyia wema, naye apate kuona mahali pazuri. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya kujipikia wenyewe. Usiku wa pili, karibu saa tano, mama wa nyumba aliingia jikoni kutafuta maji ya moto, akamkuta dada yule ameinama juu ya karai akifua soksi za watoto.

"Mbona hujalala?"

"Mama, hapa kazi imezidi ya nyumbani. Matope ni mengi, na maji ni baridi."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza habari ya mvua. Akaulizwa yeye angependa kupumzika wapi. Akajibu kwamba angependa kumwona mtoto wake, aliye kwa bibi yake huko Vihiga. Tukahesabu kwa vidole. Alikuja kwetu mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia. Tangu hapo alikuwa amekwenda kwao mara moja tu, siku mbili, kwa matanga. Nasi mioyoni mwetu tulizihesabu siku hizo za matanga kuwa likizo.

Amri ya nne tumeihubiri mara nyingi. Katika Kutoka twaambiwa tuishike Sabato kwa sababu Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati sababu ni nyingine: mtumishi wako wa kiume na wa kike apumzike kama wewe, kwa maana wewe nawe ulikuwa mtumwa katika Misri. Ametajwa hata ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Kitisuru ni mahali pa malango. Mashamba ya kahawa yamekuwa nyumba zenye kuta ndefu, na alfajiri utaona watu wakishuka kwa miguu kutoka Gachie kuja kufagia, kupika na kulinda. Huenda wengine wenu mwatusikiliza sasa mkiwa kibandani, langoni kwa mtu aliyekwenda kupumzika.

Wengine husema, "Huyu anakula kwetu, analala kwetu, apumzike nini tena?" Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaagiza siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na baada ya kila miezi 12 ya kazi, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Haisemi kwamba anayelala kwa mwajiri hahesabiwi. Jumapili ile tulipohubiri Sabato, dada yetu alikuwa amehudhuria ibada ya kwanza, akatoka mbio kabla ya baraka ili chakula chetu kiwe tayari.

Basi tukairudia sura ile ya Marko, nasi tukaona tulikuwa tumeisoma kama wachungaji. Tulishika yale ya mitume kuchoka. Hatukutazama sana walioketishwa majanini. Siku ile ni umati ulioketi, na wale Thenashara waliokuja kupumzika ndio waliopita katikati yao wakigawa mikate.

Siku ya tatu tuliosha vyombo sisi. Tulivunja gilasi moja, na dada yetu, aliyekuwa ameketi juani, akacheka mpaka akafuta machozi. Tuliporudi Kitisuru tulimpa mshahara wake na nauli, akapanda basi la Vihiga kwa likizo yake yote. Tusiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Uji uliungua, na kola ya Jumapili ilikwenda kanisani bila kupigwa pasi. Siku ya kumi na mbili mmoja wetu alishika simu amwombe arudi mapema, mwenzake akamnyang'anya. Hatutasema ni nani.

Alirudi na mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Tukamwuliza habari za mtoto. Akasema ameng'oka meno mawili ya mbele, na kwamba siku ya kwanza alijificha nyuma ya bibi yake, akauliza mgeni huyu ni nani.

Bwana awe nanyi.