Mshipi mwembamba pwani ya Shela: ni mchezo au ni kitoweo?

Kaskazi inapotulia na bahari ya Lamu ikawa kama kioo, wageni huanza kuteremka ufukoni Shela kila mmoja na ufito wake. Fito zenyewe ni nyepesi, hukunjuka vipande vitatu vinne vikaingia katika mkoba wa safari, na chini yake pana kigurudumu kilichozungushiwa mshipi mwembamba kama unywele. Huingia majini hadi magotini, wakatupa, wakavuta, wakatupa tena, tangu alasiri hadi jua litue. Wakimpata kolekole hupigwa picha naye, kisha wakamrudisha baharini akaenda zake. Watu wetu wanaopita na punda husimama wakatazama, wakatikisa vichwa. "Wamempata, wamemwacha!"

Jambo hili limekuwa la mabarazani, na kila baraza lina hukumu yake. Kuna wasemao ni wazimu wa watu walioshiba, na kuna wasemao ni ustaarabu ambao sisi hatujaufikia. Mimi naona wote wamechanganya mambo mawili, ufundi wa kuvua na nia ya kuvua.

Tuanze na ufundi. Mgeni hudhani ameleta elimu mpya, na kijana wetu naye humsadiki. Siri ya mshipi mwembamba ni kuwa samaki akiwa majini hana uzito wa kuukata, kwani maji yambeba. Kinachoukata ni kishindo chake anapokurupuka. Kwa hiyo mshipi wa kuhimili kilo 4 waweza kumchosha samaki wa kilo 8, mradi kila akimbiapo apewe njia na kila apumzikapo avutwe. Ufito wa mgeni hupinda ukakimeza kile kishindo, na kigurudumu kina breki inayoachia kabla mshipi haujafikia kukatika.

Sasa mtazame mzee wa Kiamu avuaye kwa mkono. Mshipi wake umezungushwa kwenye kipande cha mti, mwishoni pana chubwi ya risasi na ndoana moja au mbili, chambo chake kipande cha ngisi. Huuzungusha juu ya kichwa kama kombeo, akauachia, ukaenda ukaanguka nyuma ya wimbi. Kisha huuweka juu ya kidole cha shahada akangoja. Kidole hicho ndicho ufito wake na ndicho breki yake. Chaa hudokoa mara mbili tatu kama mtu abishaye hodi kwa haya. Changu hubwia mara moja. Kolekole haulizi, huondoka nacho. Yote hayo mzee huyajua gizani bila ya kuona maji. Na kolekole akimbiapo, mshipi hupita baina ya vidole kwa kasi ya kuchoma ngozi, ndiyo maana wengine hujivika kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye kutaka kujua kuvua kwa mshipi mwembamba ni nini, na amuombe mzee huyo amshikishe mshipi wake kwa nusu saa.

Kilichobadilika ni uzi. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938. Kabla yake watu walivua kwa nyuzi zilizosokotwa, nene, ambazo samaki mwerevu aliziona akapita kando. Hapo mgeni na mzee wote wawili wamefaidika.

Shela yenyewe ni mahali pa pekee kwa kazi hii. Mchanga wake wafika kiasi cha kilomita 12, hauna mwamba mbele yake wa kuyavunja mawimbi, na mwanzo wake ni pale mkondo ulio baina ya Lamu na Manda unapomwagikia bahari kuu. Samaki hupita mlango huo maji yakiingia na yakitoka. (Na vichuguu vile vya mchanga ndiko vilikopiganwa vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Waamu wakawashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa. Hayo tuyaachie siku nyingine.)

Wakati wa kwenda nao una elimu yake. Mgeni huutafuta katika simu. Mtu wetu hutazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bamvu, yakajaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu bamvu hujaa kadiri ya saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku yachelewa kwa dakika 50 hivi, hata ifikapo mwezi nane na mwezi ishirini na tatu yakawa maji mafu, yanayojaa kidogo tu, asubuhi na usiku kadiri ya saa nne. Basi ajuaye tarehe yake ya Kiislamu hana haja ya kijitabu cha maji. Mwezi kumi na tano, ukisha kuswali alasiri ukashuka pwani, wayakuta maji yakipanda mchangani, mikizi wamefuata ukingo, na nyuma yao wale wawalao. Inanisikitisha kuwa vijana wengi siku hizi hawajui leo ni mwezi ngapi, ila Ramadhani ikaribiapo.

Sasa tuje kwenye nia, na huko ndiko kwenye uzito. Kuvua ni halali, hapana ubishi. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo la bahari hata kwa aliyehirimia, ilhali windo la nchi kavu ni haramu kwake muda huo. Lakini aya hiyo hiyo yalitaja windo la bahari kuwa ni chakula na manufaa yetu na ya wasafiri. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Mimi si mufti, na fatwa ina wenyewe. Nasema tu kuwa swali lipo.

Tena si swali la wageni peke yao. Kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuwaongoza aliniuliza barazani:

"Ami, mgeni hunilipa nimwonyeshe samaki walipo. Huvua kumi, akaachia kumi. Je, ujira wangu una ila?"

"Mwanangu, hilo mpelekee maalimu wako. Lakini niambie wewe uliyekuwapo: wale kumi huenda zao wazima?"

Akanyamaza kidogo. "Wengine huenda, Ami. Wengine hupinduka tumbo juu."

Sababu yake si siri. Samaki ana utelezi mwilini ambao ndio kinga yake. Ukimshika kwa mikono mikavu au ukamgaragaza kwenye mchanga wa moto, umemvua nguo. Matamvua yake hayafai kitu hewani, kwa hiyo kila picha inayopigwa ni pumzi aliyonyimwa. Na kadiri mshipi ulivyo mwembamba ndivyo mapigano yanavyorefuka, akarudi majini amekwisha nguvu, windo la papa. Ule wembamba unaosifiwa kuwa ndio uungwana wa mvuvi, samaki ndiye anayeulipia. Wageni wajuzi wanalifahamu hili. Hukibana kile kijino cha ndoana kisishike sana, hulowesha mikono, humfungua samaki akiwa majini, wakamshikilia hadi aondoke mwenyewe. Hao nawavulia kofia.

Nasi tusijitakase. Mitungo yetu ina samaki wachanga wasiofika urefu wa kiganja, ambao wangerudishwa bila ya hasara kwa mtu. Juya limepigwa marufuku na bado lakokotwa mahali pengine, likazoa vilivyozaliwa jana. Anayefanya hivyo hana uso wa kumcheka mgeni aachiaye kolekole.

Rai yangu ni kuwa mshipi usiwe mwembamba kuliko haja, mchanga arudishwe papo hapo, na kitoweo kikitosha ufito ukunjwe, hata kama jua bado liko juu. Kumnasa wa kumi na moja kwa sababu tu wa kumi alipendeza, hapo mimi sipo.

Yule kijana alikwenda kwa maalimu wake, na aliyoambiwa ni yake. Nilipoonana naye tena alikuwa ameweka sharti lake. Kabla ya kuteremka pwani humwambia mgeni kuwa watavua cha kutosha chungu, samaki atapikwa wa kupaka kwa mamake, na wote watakula pamoja. Wapo waliolipenda hilo, wakasema hawajapata kula samaki kama yule. Wengine walimshukuru wakaenda kumtafuta kiongozi mwingine, na mwezi ule, alinihesabia kwa vidole, walikuwa wanne.